Niwapeleke watoto kuona simba kwa keji ama niwache? Niko Kisumu

mwalimu_Nyalenda

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 5 hapa Kisumu na niko na swali limenikaa kichwani tangu muhula uliopita, nimelileta hapa manake kwa ofisi ya walimu kila mtu ananiambia nawaza sana.

Tulipeleka watoto 46 ziara kwa sehemu moja ya kuweka wanyama, jina sitataja, sikuja kumharibia mtu kazi. Watoto waliimba kwa basi mpaka sauti zikaisha. Tukaona nyani, tukaona mbuni, alafu tukafika kwa chui. Huyo chui alikuwa anatembea tu. Hatua 8 mpaka kona, anageuka, hatua 8 kurudi, nilihesabu. Chini palikuwa pamechimbika kanjia kembamba kama kale ng'ombe hutengeneza wakienda mtoni, hakuna hata jani, na pale kwa kona bega lake lilikuwa linagusa waya palepale kila akigeuka mpaka manyoya yameisha unaona ngozi. Tulikaa hapo kama dakika 20 na hakusimama, hakutuangalia hata mara moja, ni kama hatukuwa hapo. Sasa kuna msichana mmoja huwa haongei sana darasani, akanivuta mkono akaniuliza, "Mwalimu, huyu alifungwa miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia twende tuone kobe.

Sasa muhula huu wazazi wameanza kuuliza kwa grupu ziara ni lini. Na mimi nimegawanyika. Hawa watoto wengi ni wa Nyalenda na Manyatta, baba anaendesha boda, mama anauza omena Kibuye, na Maasai Mara hawataiona hivi karibuni, tuseme ukweli. Mtu anatoka Ulaya anapanda ndege mbili kuja kuona simba wetu, na mtoto aliyezaliwa hapa Kenya anamjua simba kwa sarafu ya shilingi 10, ndovu kwa ile ya 20, basi. Nikimnyima hata yule wa kwa keji nimemsaidia aje? Lakini nikimpeleka, namfundisha nini? Kwamba mnyama anawekwa hivyo na ni sawa? Nisaidieni kufikiria, sitaki mtu anipe jibu la haraka.

mama_Mwariki

Mwalimu pole, na huyo mtoto ana akili.

Mimi naishi Nakuru, Mwariki, huku tumepakana na mbuga. Usiku kukiwa kimya unasikia simba. Watu husema Lake Nakuru ni porini lakini hiyo mbuga imezungushwa fensi ya stima pande zote, ni kilomita 188 za mraba na mnyama hatoki. Wale twiga wa Rothschild watalii wanawapiga picha si wa hapa kwa asili, waliletwa 1977 kutoka Soy kule karibu na Eldoret kwa sababu mashamba yao yalikuwa yanagawanywa watu walime mahindi. Kwa hivyo hata wao waliwekwa, ukitaka kusema hivyo. Ziwa nalo lilipojaa likameza geti la zamani na nyasi nyingi za pembeni, wanyama wakabaki kusukumana kwa kile kipande kimebaki, hawana pa kwenda manake upande ule mwingine ni sisi.

Sasa kwa nini twiga wa Nakuru hanitoi machozi na huyo chui wako amenitoa? Nimekaa nikafikiria hiyo kitu leo nikiosha vyombo. Naona ni kwamba twiga anaamka anaamua. Anaamua mti gani, anaamua atasimama na nani, akisikia harufu ya simba anaamua atoroke wapi, hata akikosea, amekosea mwenyewe. Huyo chui ameachiwa kuamua kitu kimoja tu, kugeuka. Usiangalie ukubwa wa fensi peke yake, angalia mnyama amebakishiwa nini cha kufanya.

bin_Ahero

Watu wanalala njaa, shule hazina vyoo, na tuko hapa tunalilia chui. Mwalimu peleka watoto wafurahi, maisha iendelee.

mlishaji_mstaafu

Nimesoma hii nikaona lazima nijibu, nimefanya kazi ya kulisha wanyama miaka 11, nimestaafu niko nyumbani Vihiga. Sehemu na mimi sitaitaja. Itakuwa ndefu mnivumilie.

Mwalimu, kuna kitu hukuambiwa hapo kwa waya na ilikuwa haki yako kuambiwa. Huyo chui alitoka wapi? Manake kwa hizi sehemu zetu za Kenya wengi hawakukamatwa porini ndio watu waje waone. Wengi ni mayatima. Mimi nilipokea mtoto wa chui kwa gunia la viazi. Mkulima alipoteza mbuzi, akapaka sumu kwa mzoga, mama akala akafa, na huyo mkulima huyohuyo akasikia kitu inalia kwa kichaka, akashindwa kukamaliza, akatuletea. Kalikuwa kanatosha kwa mikono miwili, macho yamefunguka juzi. Nilikapatia maziwa kwa chupa kila baada ya saa 3, mchana na usiku, mke wangu akawa ananiuliza nimeoa tena. Kakakua. Na hapo ndipo shida ilipo, akikua kwa mkono wako ameshajua binadamu ni chakula inakuja. Hajafunzwa kuwinda na mama yake, haogopi mtu. Ukimfungulia leo hataenda msituni, ataenda boma la kwanza lenye moshi, achukue mbuzi ama, Mungu aepushe, mtoto, na kufika jioni ameuawa kwa mikuki. Kwa hivyo kwa huyo keji ndiyo maisha iliyobaki. Ukweli ni huo ingawa hauna raha.

Lakini kutembea hivyo hatua 8 hatua 8, hapo sitetei mtu. Huko kutembea kunajulikana, ni ugonjwa wa kukaa bila kazi, ndovu wanayumba, dubu wanazunguka, nyani wanajinyonyoa. Kweli huzidi karibu na saa ya chakula, na shule nyingi hufika saa hiyohiyo, kwa hivyo mnaona ubaya wake wote. Ila njia iliyochimbika mpaka udongo na bega limekwisha manyoya, hiyo si ya saa moja, hiyo ni ya miaka. Na inapunguzika! Hakuhitaji hela nyingi. Mimi nilikuwa naficha nyama, leo juu ya gogo, kesho ndani ya gunia nimelifunga kamba, kesho kutwa naburuta mfupa chini anusie njia mpaka aufikie. Naomba magunia kuukuu kwa watu wa mbuzi namtupia anayararua. Nikamwekea jukwaa la mbao juu kabisa, chui anataka kuwa juu ya vitu, ukimweka chini watu wakimwinamia kwa macho hana amani. Siku ya kwanza ya kuficha nyama alitafuta kwa muda wa karibu saa mbili, hakugusa ile njia yake. Mimi nikakaa kwa ndoo nikimwangalia, nilifurahi sana siku hiyo.

Simba ni tofauti kidogo, huyo hata porini anaweza kulala saa 20 kwa siku, ukimkuta amelala usimhurumie kwa hilo. Chui ni wa kutembea, tena usiku.

Kitu kimoja nilichogombana nacho mpaka nikaitwa mkaidi ni kuzalisha. Yatima anawekwa kwa sababu hana kwingine, sawa. Alafu unamwekea dume, wanazaa, watoto wa simba wanaletea watu wengi geti, picha zinapigwa, na baada ya miaka miwili una simba watatu wakubwa ambao hawakuwa yatima wa mtu, wewe ndiye umewatengeneza wakae kwa waya. Hiyo nilikataa na bado nakataa.

Bin Ahero, nimekusoma. Njaa naijua. Lakini huyo mkulima wa sumu pia alikuwa na njaa, na mbuzi wake hakuna aliyemlipa. Hizi habari ni moja, hazijaachana.

kijana_wa_Maseno

Mzee mlishaji nakuheshimu sana na asante kwa hiyo habari, lakini mimi naona tukianza na yatima tunasahau zile zuu kubwa za nje ambazo hazina hata kisingizio cha yatima.

Angalieni ndovu. Kuna utafiti ulitoka 2008 walilinganisha ndovu wa zuu za Ulaya na wale wa Amboseli yetu. Ndovu jike wa Afrika aliyezaliwa zuu, umri wa katikati aliofikisha ni miaka 16.9. Wale wa Amboseli waliokufa kifo cha kawaida bila mtu kuwaua, 56. Na zuu ana daktari, ana chakula kila siku, hana ukame, hana jangili. Anakufa na nini sasa? Unene, miguu kuoza kwa sababu ya sakafu ngumu, mawazo. Nilisoma hiyo nikaona mjadala umeisha kwa upande wa ndovu.

Na sisi tumewahi kutoa. Mwishoni mwa miaka ya 60 serikali yetu ilitoa mtoto wa ndovu zawadi kwa zuu ya London, jina lake Pole Pole. Alikuwa ametumika kwa kupiga sinema hapa, wale waigizaji wakaomba asipelekwe, akapelekwa. Alikufa 1983 hajafikisha miaka 20, na kifo chake ndicho kiliwafanya hao waigizaji waanzishe kampeni ya kutetea wanyama waliofungwa 1984 ambayo leo inaitwa Born Free. 2005 tena serikali ikasaini kupeleka wanyama zaidi ya 100 Thailand, Wakenya wakapiga kelele, kesi ikaenda kortini ikasimamishwa. Hiyo inanipa nguvu, watu walikataa.

Alafu kuna Marius. Twiga wa zuu ya Copenhagen, mzima wa afya, mwaka mmoja na nusu, Februari 2014 walimuua kwa sababu damu yake inafanana na ya twiga wengine kwa hivyo hawakumhitaji kwa kuzalisha. Wakampasua watu wakiangalia, watoto pia, nyama wakapewa simba. Wenyewe walisema ni elimu. Mwalimu, hapo kwa elimu ndipo nasimama. Mtoto akiona chui anazunguka hajajifunza chui, amejifunza keji. Tabia ya chui hakuna hapo hata moja.

mama_Mwariki

Kijana umesema vizuri ila usifunge mlango wote. Bongo je? Yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe. Alikuwa Aberdare, Mlima Kenya, Mau, na hata hapa kwetu Eburru upande wa Gilgil. Porini wamebaki chini ya 100. Na mwaka 2025 mwezi wa pili ndege ilileta bongo 17 kutoka Florida, vitukuu vya wale waliokamatwa kwa milima yetu zamani wakapelekwa Marekani. Nilimwonyesha mama yangu picha akasema ni kama mtu ameenda kazi Uarabuni amerudi na wajukuu. Bila hizo zuu tungekuwa tunawaleta kutoka wapi?

kijana_wa_Maseno

Hapo mama umenishika, kwa bongo nakubali. Na nikiwa mkweli hata Sudan, yule kifaru mweupe wa kaskazini. Alikamatwa akiwa mdogo 1975 akapelekwa zuu ya Dvůr Králové kule Cheki, na wale wenzake waliobaki porini waliuawa wote. 2009 akarudishwa Afrika, hifadhi ya Ol Pejeta hapa Kenya, pamoja na wengine watatu, akafa Machi 2018. Wamebaki Najin na Fatu, mama na binti, na wote wawili walizaliwa hukohuko zuu. Aliyekamatwa ndiye aliyepona, hiyo kitu inauma kuisema.

Lakini ona tofauti, hao waliwekwa kwa sababu kuna mpango wa kurudi. Ndovu wa zuu ya Ulaya harudi. Huyo chui wa mwalimu harudi.

mlishaji_mstaafu

Kijana nakubaliana na wewe kwa ndovu asilimia mia. Ndovu asiwekwe, ndovu yatima wetu wanalelewa wanarudishwa Tsavo na wanazaa huko, imewezekana. Chui na simba waliolelewa na mkono ni ngumu zaidi.

Mwalimu, ukienda mahali popote uliza vitu hivi kwa sauti, mbele ya watoto: huyu alitoka wapi, kwa nini hawezi kurudi, mnamzalisha, anafanya nini siku nzima. Mtu wa kulisha akiwa anapenda kazi yake atafurahi umeuliza, mimi hakuna mwalimu aliwahi kuniuliza, wote walikuwa wananiuliza anakula kilo ngapi. Akikasirika basi umejua. Na kuweka mnyamapori bila kibali ni kosa, sheria ya 2013 iko wazi, kibali ni cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hivyo hata hilo unaweza kuuliza. Na tafadhali, watoto wasitupe biskuti wala mawe. Niliokota kifuniko cha soda kwa kinyesi cha nyani.

mvuvi_Dunga

Mwalimu wewe si uko Nyalenda, mbona unaenda mbali. Viboko wako hapa Dunga, hawana waya, asubuhi na mapema unawaona wametoa masikio na pua. Hata pale Impala Sanctuary wanatoka ziwani usiku kula nyasi, na swara wa pale wanatembea tu bila keji. Ila sikudanganyi kiboko si mzuri, alipindua mashua ya rafiki yangu na hatukumpata mpaka siku ya tatu. Kwa hivyo watoto wakae nchi kavu na wasimame mbali, wasikilize akikoroma. Mtoto amwogope kidogo, hiyo ni sawa. Mimi namchukia na namheshimu na sitaki afungwe.

mama_Shinyalu

Mwalimu njoo Kakamega. Nasema hivi na moyo wote. Kutoka Kisumu ni kama kilomita 50, basi linaenda linarudi siku hiyohiyo. Simba hamtaona. Lakini mtaingia msituni na miguu yenu, na mtoto akitembea chini ya miti ile mikubwa huwa ananyamaza mwenyewe, hata hauhitaji kumwambia. Mbega wako, weusi wenye shuka jeupe mgongoni, waambie watoto waangalie mkono akishika tawi, hana kidole gumba, ameachiwa vinne tu kama ndoano, na anaruka mti kwa mti vile hujawahi kuona. Kuna siku hamtaona tumbili hata mmoja karibu, mtawasikia tu juu, na hiyo pia ni sawa, hawakuwekwa wawangoje.

Msitu huu ndio kipande cha mwisho Kenya cha misitu ya aina ya Kongo, na uko kwetu huku magharibi. Watoto wetu hawaujui, wanajua simba wa sarafu.

Na wale wanaotaka kuona nzohe, yule swala wa kinamasi, Saiwa Swamp karibu na Kitale ni mbuga ndogo kuliko zote Kenya, mnatembea kwa miguu, kuna majukwaa ya mbao mnapanda mnangoja atoke kwa mafunjo. Lakini ni mbali kwa siku moja, hiyo wawekee Gredi ya 6.

mwalimu_Nyalenda

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni kabisa, na mzee mlishaji shikamoo, nimekuelewa vizuri.

Nimeamua hivi. Ziara ni Kakamega. Bin Ahero hasira yako sikuidharau, choo cha wasichana shuleni kwetu ndicho nilikuwa napigania mwaka jana na bado, lakini hawa ni watoto walewale. Jumamosi moja tutaenda na wachache Dunga alfajiri, mvuvi nitakutafuta, tutakaa nchi kavu. Na ile sehemu ya chui nitarudi mwenyewe kwanza bila watoto niulize hayo maswali ya mzee, na niwaambie kuhusu magunia na jukwaa, labda hakuna mtu amewahi kuwaambia.

Leo wakati wa mapumziko nilimwita yule msichana. Nikamwambia sikumjibu vizuri siku ile, nikamweleza kwamba chui wengine huletwa wakiwa wadogo kwa gunia kwa sababu mama yao ameuawa na sumu, na hawawezi kurudi. Akasikiliza mpaka mwisho. Alafu akaniuliza kama yule mkulima alipewa mbuzi mwingine.

Mama Shinyalu, nasikia huko mvua huanza baada ya saa sita karibu kila siku. Tukitoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri tutakuwa tumewahi? Na watoto wenye viatu vya bata tu wataweza hiyo njia ama niombe wazazi raba?